Nyota changa hazitulii: maswali yenu ya mwezi huu

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, kwamba nyota nyingi zilizomo ndani ya Nebula ya Orion, lile wingu kubwa la gesi na vumbi, zinabadilika mwangaza wiki kwa wiki, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja zinajaza gazeti zima, nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha, na wale waliouliza nyota zao za bahati samahanini sana, hiyo sio meza yangu.

Shikamoo mwalimu. Mi nikiangalia juu naona kila nyota inapepesa, sasa hizo changa zina ajabu gani?

Marahaba. Kupepesa unakokuona ni hewa yetu hii hii, mapande ya hewa ya joto na baridi yanapita mbele ya mwanga na nyota inarukaruka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Ukipanda na darubini juu ya hewa, kama zinavyofanya satelaiti, kupepesa kunaisha papo hapo. Mi naongelea nyota yenyewe kufika kwetu na mwanga mwingi leo na mchache keshokutwa, na hilo hulipati kwa kukodoa macho dakika tano, mpaka upime leo, upime kesho, uandike namba, urudi tena.

Kaka habari. Jua letu linatoa mwanga ule ule miaka nenda rudi, sasa kwanini nyota ikiwa changa ndo inahangaika? Si ndo ingekuwa na afya zaidi?

Swali zuri, na lina mtego ndani yake. Nyota changa ninazozisema, za umri wa miaka milioni moja, mbili, tatu hivi, hazijamaliza kuumbwa. Imeshakuwa nyota ndio, inang'aa, lakini bado imezungukwa na diski ya gesi na vumbi iliyobaki kwenye lile wingu lililoizaa, na bado inakula kutoka kwenye hiyo diski. Na haili kistaarabu.

Mwaka 1945 mwanaastronomia Alfred Joy alikusanya nyota 11 za tabia hii akaziweka kundi moja, akalipa jina la T Tauri kwa sababu nyota ya T Tauri ndo ilikuwa mfano wake. Yeye aliona tu kwamba zinabadilika ovyo na kwamba zinakaa karibu na mawingu ya vumbi, ni mwanaastronomia mwingine, Ambartsumian, miaka michache baadaye aliyesema wazi kwamba hizi ni nyota zilizozaliwa juzi. Juzi ya kinyota, ya mamilioni ya miaka.

Sasa kinachozihangaisha. Kwanza ni madoa. Nyota hizi zina sumaku kali, gauss (kipimo cha nguvu ya sumaku) elfu moja mpaka elfu tatu hivi kwenye uso, wakati sumaku ya Dunia inayogeuza dira yako haifiki hata gauss moja, na sumaku ikiwa kali hivyo inazuia joto kupanda juu kwahiyo pale panabaki doa la ubaridi, na sio kidoa kama vya jua bali doa linaloweza kufunika sehemu kubwa ya uso. Alafu nyota inazunguka haraka. V410 Tauri inamaliza mzunguko kwa siku 1.87, jua linatumia kama siku 25 pale ikweta yake. Doa likigeukia upande wetu mwanga unashuka, likienda nyuma unapanda, unapata grafu nzuri ya mawimbi ambayo hata mtu asiyejua kitu akiiona anasema hapa kuna kitu kinazunguka.

Pili ni kula kwenyewe. Sumaku ile ile inaizuia diski isiiguse nyota, diski inakatikia njiani kabla haijafika, gesi inabidi idandie mistari ya sumaku, inapanda nayo juu kama iko kwenye bomba, kisha inaachiliwa inaporomoka kuelekea maeneo ya karibu na ncha za nyota kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa sekunde. Inapotua panawaka. Uso wa nyota una joto la nyuzi 4,000 hivi, pale inapogonga panafika 8,000 hata 10,000. Na chakula hakiji kwa kipimo, leo kimekuja kingi kesho kidogo, kwahiyo mwanga unaruka bila ratiba yoyote.

Tatu ni vumbi kupita mbele. Hapa mfano wangu wa siku zote ni AA Tauri. Diski yake imelala karibu usawa wa macho yetu, alafu ukingo wake wa ndani umepinda kwa kusukumwa na sumaku ya nyota, kwahiyo kila siku 8.2 lile pindo linapita mbele na mwanga unashuka mpaka kama theluthi moja ya ulivyokuwa, kisha unarudi. Watu waliizoea hiyo nyota, ukiambiwa pindo linapita lini unajua utaona nini. Mwaka 2011 ikafifia zaidi ghafla na haikurudi, ikakaa gizani miaka. Inaelekea kuna rundo lingine la vumbi la nje zaidi limeletwa mbele na mzunguko wa diski, na vitu vya nje vinazunguka pole pole kwahiyo haviondoki leo wala kesho.

Wengi mnapenda kuuliza ni ipi kati ya hizo tatu. Mara nyingi ni zote kwa pamoja kwenye nyota moja, na hapo ndo kazi inakuwa tamu au chungu kutegemea umeamkaje.

Sasa mnajuaje hili ni vumbi na lile ni doa, wakati hiyo nyota hata kwa darubini kubwa ni kinukta tu? Au mnakisia?

Hahaha, hatukisii, tunaangalia rangi. Chukua picha ya nyota hiyo hiyo usiku huo huo kupitia kichujio cha bluu, kisha chekundu, kisha ikiwezekana infraredi, ule mwanga uliopita nyekundu ambao macho hayauoni. Vumbi linazuia bluu kuliko nyekundu, ndo sababu jua la jioni likiwa nyuma ya vumbi linakuwa jekundu, kwahiyo nyota ikififia huku inazidi kuwa nyekundu mshuku vumbi kwanza. Doa la ubaridi nalo linafanya nyota iwe nyekundu kidogo ila kushuka kwake ni kwa wastani, sehemu chache za kumi za magnitudi, na kunajirudia kila mzunguko. (Kwa mgeni wa safu hii: magnitudi ni kipimo cha mwangaza, namba ikipanda nyota imefifia, magnitudi 1 ni tofauti ya kama mara mbili na nusu, magnitudi 5 ni mara 100 kamili.) Ile ya kula inajitangaza yenyewe, bluu na urujuanimno (mwanga uliopita bluu, macho hayauoni) vinapanda kwa kishindo wakati nyekundu inasogea kidogo tu, maana kilichoongezeka ni kitu cha moto sana.

Kuna kundi la nyota za aina ya UX Orionis zinazokuchanganya kabisa. Zinafifia, zinakuwa nyekundu, unasema sawa ni vumbi, alafu zikizidi kufifia zinageuka zinaanza kuwa bluu. Mara ya kwanza nilipoona grafu ya namna hiyo nikajua mpimaji amekosea kuandika safu. Hakukosea. Vumbi likishakuwa zito kiasi cha kuiziba nyota karibu yote, unachobaki kuona sio nyota tena, ni mwanga wake uliodunda kwenye vumbi la pembeni ya diski, na vumbi likidundisha mwanga linapendelea bluu. Mtu amezibwa na pazia, unaona mwanga wa taa yake ukutani.

Alafu kuna umbo la grafu yenyewe. Desemba 2011 satelaiti ya CoRoT na darubini ya infraredi ya Spitzer zilielekezwa pamoja kwenye NGC 2264, kitalu cha nyota kilichopo kwenye kundinyota la Monoceros, zikakaa hapo wiki kadhaa zikipima mamia ya nyota changa karibu bila kupumzika. Kabla ya hapo wengi tulikuwa na nukta moja kwa usiku, mawingu yakija hamna kitu, mchana hamna kitu, na ukiunganisha nukta chache hivyo kila nyota inaonekana imechanganyikiwa. Kwenye data ya CoRoT tabia zikajitenga: zipo zenye mstari ulionyooka juu na mashimo yanayochimbika kwenda chini, hizo vumbi, zipo zenye mstari ulionyooka chini na miiba inayochomoka juu, hizo zinakula kwa vipindi, zipo za mawimbi ya madoa, na zipo zinazopanda na kushuka hovyo hivyo hivyo mpaka leo watu wanabishana nazo. Mi nadhani hiyo ya mwisho tutaendelea kubishana nayo mpaka nistaafu safu hii.

Nimesikia kuna nebula inayopotea na kurudi. Hii ni kweli au ni stori za mitandao?

Kweli, na ni ya zamani kuliko mitandao. Oktoba 1852 John Russell Hind aliona kiwingu kidogo kinachong'aa pembeni ya nyota T Tauri, leo kinaitwa NGC 1555. Kufikia miaka ya 1860 kilikuwa kimefifia mpaka wenye darubini nzuri wakakikosa, watu wakaanza kujiuliza kama Hind aliona sawasawa. Mwaka 1890 Burnham na Barnard wakakiona tena.

Kiwingu hakijawahi kwenda popote. Vumbi la mle halina mwanga wake, linaakisi tu mwanga wa nyota, kwahiyo nyota ikififia au kitu kikiwekwa kati ya nyota na wingu, wingu linazimika kwa macho yetu ila lipo pale pale. Mfano mzuri zaidi ni NGC 2261 kwenye Monoceros, wingu lenye umbo la kipepeo wa upande mmoja linalomulikwa na nyota R Monocerotis. Edwin Hubble mwaka 1916 alilinganisha picha zake akakuta sura ya wingu inabadilika kwa wiki, na hapo ndo utata, maana kwa ukubwa wa lile wingu gesi haiwezi kuhama umbali huo kwa muda huo hata ikimbie vipi. Kinachohama ni vivuli. Mafungu ya vumbi karibu kabisa na nyota yanasogea kidogo tu, vivuli vyake vinafagia wingu zima kule mbali. Weka kidole mbele ya tochi ukutani ukisogeze sentimita moja, uone kivuli kimeenda umbali gani. Hiyo NGC 2261 ndo ilikuwa pia picha ya kwanza ya darubini ya Hale ya mita 5, Januari 1949, na aliyeipiga ni Hubble mwenyewe, sasa mtu kapewa darubini kubwa kuliko zote duniani na anarudi kwenye kivuli kilekile kilichomsumbua miaka 33 nyuma, hapo namuelewa kabisa.

Mbona hizo tofauti ni ndogo ndogo, mara mbili, mara tatu. Hakuna inayolipuka kweli kweli?

Ipo, ila neno kulipuka niachie nililegeze, maana nyota haivunjiki. FU Orionis kati ya 1936 na 1937 ilipanda kama magnitudi 6, yaani ilizidi mwanga wake wa awali zaidi ya mara 200, na mpaka leo, karibu miaka 90, haijarudi chini ilikotoka. Miaka zaidi ya 30 ilikuwa peke yake, kituko tu, mpaka V1057 Cygni ikafanya hivyo hivyo kwenye 1969 na 1970. Hii ya pili ilikuwa na bahati, kabla haijapanda mtu alikuwa ameshachukua spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi, ikaonyesha nyota ya kawaida ya aina ya T Tauri. Kwahiyo sio aina ya peke yake, ni hatua ambayo nyota ya kawaida inaweza kuipitia.

Kinachotokea ni kwamba diski imerundika mali kwa muda mrefu alafu inaiachia yote kwa mkupuo. Nyota ya kawaida ya T Tauri inakula kama sehemu moja ya milioni mia ya uzito wa jua kwa mwaka, ikiwa kwenye hali ya FU Orionis inafika sehemu moja ya elfu kumi, hapo diski inang'aa kuliko nyota yenyewe kwahiyo unachokiona angani ni diski, nyota imemezwa na mng'ao. Kuna wanaoona kwamba nyota inapata sehemu nzuri ya uzito wake kwenye vipindi hivi vya ulafi na sio kwa kula pole pole kila siku.

Kuna na ndogo zake. Januari 2004 Jay McNeil, mpiga picha wa anga wa ridhaa kule Kentucky, Marekani, alikuwa anapiga picha eneo la nebula ya M78 kwenye Orion kwa darubini ya inchi 3, inchi tatu jamani, akaona kiwingu ambacho hakipo kwenye ramani zake. Akaenda kukagua picha za zamani, hamna. Nyota iliyokuwa imefichwa kwenye vumbi, sasa inaitwa V1647 Orionis, ilikuwa imewaka na kumulika wingu lililoizunguka. Kufikia 2006 ikawa imefifia, 2008 ikawaka tena. Maprofesa wote wenye madarubini ya mita 8 walikuwa wanaangalia kwingine.

Betelgeuse si ipo Orion pia, na ilififia sana 2019 kuja 2020. Nayo ni changa?

Ndugu, Betelgeuse ina umri wa miaka milioni kama 10 tu, kwa hesabu hiyo ni mdogo wa jua mbali sana, ila ni nyota nzito na nzito zinaishi haraka, yenyewe ipo mwishoni mwa maisha. Kule kufifia kwa Februari 2020 mpaka magnitudi 1.6 kulikuwa na vumbi ndani yake kweli, lakini vumbi ililolitoa mwenyewe, sio la kuzaliwa nalo. Na ipo mbele ya Nebula ya Orion, karibu nasi zaidi, kuwa kundinyota moja sio kuwa mtaa mmoja.

Jua nalo lilipitia hayo?

Kwa kila tunachojua kuhusu nyota za uzito wake, ndio, miaka bilioni 4.6 iliyopita lilikuwa na diski yake, na sisi wenyewe na sayari zote ni mabaki ya hiyo diski. Nyingi ya diski hizi zinaisha ndani ya miaka milioni chache. Siku hizi kwenye ule mzunguko wake wa miaka 11 jua linabadilika kama asilimia 0.1 tu. Limekua.

Mkuu, nina darubini ndogo na kamera. Nimeipiga T Tauri picha usiku 6 mfululizo na kila usiku inaanza juu, mpaka saa nane usiku imeshuka magnitudi 0.3. Namba nimeambatanisha. Je nimegundua kitu?

Mkuu, kwanza hongera, katika barua zote ni wewe pekee uliyeleta namba. Pili, hapana.

Angalia safu yako ya muda. Inashuka kila usiku saa zile zile, na saa hizo ndo T Tauri inapoelekea kuzama kwako. Nyota haijui kama kwako ni saa nane. Ulichopima ni hewa, nyota ikiwa chini mwanga wake unapita hewa nene zaidi na unapungua, na sijaona popote kwenye karatasi yako umeandika nyota ya kulinganisha. Huwezi kupima nyota peke yake, unapima tofauti kati yake na jirani iliyopo kwenye picha hiyo hiyo, hewa ikizipunguza zote mbili tofauti inabaki salama. Na chagua jirani ya rangi inayokaribiana, maana T Tauri ina uchungwa uchungwa na hewa inaila bluu haraka zaidi, ukiilinganisha na nyota nyeupe utaona T Tauri inapanda inapozama, ukaniandikia tena kwamba umegundua.

Sasa hapa ndo nilipoungua mimi. Miaka hiyo naanza nilikuwa napima nyota moja ya eneo hili hili la Taurus, nikachagua jirani nzuri, ipo karibu, mwangaza unafanana, nikapima usiku 19. Nikapata wimbi safi la siku tatu na kidogo, nikafurahi, nikawaonyesha watu. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, je jirani yako una uhakika nayo? Nikapima jirani kwa nyota ya tatu. Wimbi lote lilikuwa la jirani, ile niliyokuwa naifuatilia ilikuwa imetulia tuli. Kwenye kitalu cha nyota majirani ni ndugu, wamezaliwa wingu moja na wana tabia zile zile, kwahiyo chukua nyota tatu za kulinganisha, zipime na zenyewe kwa zenyewe kwanza, ikiyumba moja itupe. Alafu T Tauri ina ule ukungu pembeni, duara lako la kupimia lisiwe kubwa sana na liwe la ukubwa ule ule usiku wote, la sivyo siku ambayo umekosea fokasi kidogo utakuwa unapima na ukungu.

Ila picha za usiku 6 usizifute. Majirani wote wamo tayari humo ndani ya picha, ni kuzifungua na kupima upya. Ukikuta mstari umenyooka usiku kucha alafu kati ya usiku mmoja na mwingine kuna mruko ambao majirani watatu hawana, nitumie hiyo siku hiyo hiyo, usingoje toleo lijalo.